Mshindi na Mshindwa: Funzo la Burundi

Mtu akaaye Kalinzi, katika milima ya kahawa kaskazini ya mji wa Kigoma, yu karibu na mpaka wa Burundi, na Kiha chake na Kirundi cha jirani ni lugha zisikilizanazo. Kwa hiyo siasa za Burundi hazikuwa kwake habari za mbali. Mara nyingi zilimfikia kwa miguu, mtoto mgongoni na mzigo kichwani. Yafaa basi tuulize ni nini kilichowakimbiza watu wale. Wengi hujibu kwa neno moja: ukabila. Jibu hilo si la uongo, lakini halitoshi.

Kwanza tukumbuke ya kuwa Wahutu na Watutsi husema lugha moja na hukaa mlima mmoja. Louis Rwagasore, mwana wa Mfalme, alilijua hilo. Chama chake cha UPRONA kilikusanya watu wa pande zote mbili, na katika uchaguzi wa Septemba 1961 kilipata viti 58 kati ya 64. Tarehe 13 Oktoba mwaka ule ule aliuawa kwa risasi mjini Usumbura. Baada yake viongozi wa chama wakaanza kutazamana kwa asili zao, hata yakafuata mauaji makubwa ya 1972, ambayo yaliwafanya maelfu kuvuka mpaka na kuja kwetu.

Mwaka 1993 ilipatikana nafasi nyingine. Melchior Ndadaye wa chama cha FRODEBU, Mhutu, alishinda uchaguzi wa Rais mwezi wa Juni. Wala hakutaka kula peke yake: alimteua Sylvie Kinigi, Mtutsi wa UPRONA, kuwa Waziri Mkuu. Kama serikali ya mseto ingekuwa ni kugawana viti tu, Burundi ingalipona siku ile. Lakini bunduki zilikuwa bado mikononi mwa upande mmoja. Tarehe 21 Oktoba, kabla ya kutimiza miezi minne tangu aapishwe, Rais aliuawa na askari. Watutsi wakauawa vijijini, Wahutu wakauawa na jeshi, na njia za Kigoma zikajaa tena wakimbizi.

Ndipo yakaja mazungumzo ya Arusha. Mwalimu Nyerere aliyasimamia mpaka alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999, kisha Nelson Mandela akayapokea, na mkataba ukatiwa sahihi tarehe 28 Agosti 2000. Katiba ya 2005 iliyotokana nao iliweka asilimia 60 ya Wahutu na 40 ya Watutsi katika Bunge, pamoja na viti vitatu vya Watwa. Tena ilikataza upande wowote kuzidi nusu ya jeshi. Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mhutu aliogopa bunduki ya wachache, na Mtutsi aliogopa kura ya wengi. Mkataba ulizishughulikia hofu zote mbili kwa pamoja.

Huenda msomaji wa Tanzania akapinga. Sheria yetu ya vyama ya 1992 yakataza chama cha kabila, dini au mkoa. Je, kuandika kabila ndani ya katiba si kulipa maisha marefu? Hatari hiyo ipo. Lakini sisi twakinga ugonjwa, na wenzetu walikuwa wakiutibu, na tabibu hawezi kutibu donda asilotaka kulitaja.

Hata hivyo dawa ile ina mpaka wake. Mwaka 2015 Rais Pierre Nkurunziza alipotaka muhula wa tatu, maelfu walikimbilia Kagunga, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, na meli ya Liemba ikawachukua hadi Kigoma. Safari ile ugomvi haukuwa hasa wa Mhutu na Mtutsi. Baadhi ya waliompinga Rais walitoka katika chama chake mwenyewe. Mizani ya makabila ilikuwapo, bali kilichokosekana ni kukubali kuondoka.

Basi ukabila ni chombo tu. Kinachojazwa ndani yake ni hofu ya mshindwa. Mahali ambapo aliyeshindwa leo ana hakika ya kulala nyumbani kwake na kushindana tena kesho, chombo hicho hubaki kitupu. Na watu wa Kalinzi, ambao wamewapokea wageni hawa mara nyingi, wanaijua bei ya kukosekana kwa hakika hiyo.