Weigel, Jonathan

Mtaalamu wa Kimarekani wa uchumi wa siasa, aliyesoma Chuo Kikuu cha Harvard na baadaye kufundisha London na Berkeley, ambaye sifa yake yatokana hasa na swali alilolitafutia jawabu Kananga, makao makuu ya Kasai ya Kati katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo: raia asiyezoea kudaiwa kodi hutenda nini siku mkusanyaji anapopiga hodi? Mwaka 2016 serikali ya jimbo ilituma wakusanyaji nyumba kwa nyumba katika mitaa iliyopatikana kwa kura, wakitoa stakabadhi kwa mashine ya mkononi. Walipaji, ambao awali takriban hawakuwapo, wakafikia kiasi cha 11 kwa mia, na, ajabu zaidi, watu wa mitaa hiyo wakazidi kuhudhuria mabaraza na kuihukumu serikali kwa kalamu.

Katika utafiti wa 2018, pamoja na Augustin Bergeron na Gabriel Tourek, baadhi ya wenye nyumba walipunguziwa kiwango cha kodi ya nyumba, wengine hata nusu. Kabla ya punguzo, nyumba ya udongo ilidaiwa faranga 3,000. Ikadhihirika kwamba kupunguza thuluthi moja hivi kungeizidishia hazina mapato. Na kwa kuwa katiba ya Kongo ya 2006 yaihesabu kodi ya ardhi na majengo kuwa mali ya majimbo, mas'ala haya yayahusu majimbo yote, si Kananga peke yake.

Katika zoezi hilo hilo la 2018, pale wakuu wa mitaa walipokusanya badala ya maafisa, mapato yalizidi kwa 44 kwa mia, si kwa ufasaha wa kushawishi, bali kwa kuwa walijua nani ana uwezo na nia ya kulipa.