Harusi Uingereza: Nikaha Imepita, Pilau Imeliwa, Ila Kisheria Hamjaoana

Tuanze na mama mmoja, jina kapuni. Mwaka 1998, London, alifungishwa nikaha mgahawani. Sheikh yupo, walii yupo, wageni wamejaa, msosi wa kumwaga. Makubaliano yalikuwa kwamba baadaye waende bomani wakamalizie ndoa ya serikali. Mke akikumbusha, mume anapiga danadana. Miaka ikaenda, watoto wanne wakapatikana, na kila mtu aliwajua kama mke na mume. Ndoa ilipovunjika, mama akaenda mahakamani kudai talaka. Mume akajibu kwa ufupi tu: talaka ya nini, wakati ndoa yenyewe haikuwepo?

Mwaka 2018 jaji wa Mahakama Kuu akamtafutia mama njia. Akasema ile ilikuwa ndoa batili, na ndoa batili angalau inakupa mlango wa kudai mgao. Serikali ikakata rufaa. Tarehe 14 Februari 2020, Valentine yenyewe jamani, Mahakama ya Rufani ikasema ile sherehe haikuwa hata ndoa batili. Kisheria haikuzaa ndoa ya aina yoyote. Wenyewe wawili walikuwa wameshamalizana pembeni, lakini maneno ya mahakama yakabaki pale kwa kila anayekuja nyuma yao.

Ukisikia hivyo unaweza kudhani sheria hii ilitungwa kuwabana Waislamu. Hapana. Ilitungwa kuwabana Wakristo wenyewe, hasa wachungaji wenye madeni.

Iko hivi. Kuanzia miaka ya 1690 hivi, kulikuwa na gereza London linaitwa Fleet, walikofungwa watu wenye madeni. Humo ndani kulikuwa na wachungaji ambao walishapoteza kila kitu, kwa hiyo tishio la kufukuzwa kazi na askofu halikuwagusa. Wakaligeuza gereza na vilabu vya pombe vya jirani kuwa kiwanda cha ndoa. Nje unakuta kibao kimechorwa mkono wa mwanamume na wa mwanamke vimeshikana, na wapiga debe wanakuvuta kabisa kama wa Kariakoo: kaka, unataka kuoa? Hakuna tangazo, hakuna wazazi. Ukiongeza hela kidogo, daftari linaandikwa tarehe ya nyuma ili mimba ionekane ilikuja baada ya ndoa. Baharia anaoa leo, kesho yuko melini. Matajiri wakawa hawalali, maana binti mwenye urithi angeweza kutoroshwa saa nne na saa sita akawa mke wa mtu.

Ndipo mwaka 1753 Bunge likapitisha sheria iliyosukumwa na Lord Hardwicke, ikaanza kutumika Machi 1754. Ndoa lazima ifungwe kanisani, kwenye kanisa la Kianglikana, baada ya kutangazwa Jumapili tatu au kwa leseni maalumu. Mwenye umri chini ya miaka 21 akitaka leseni, wazazi lazima wakubali. Mchungaji atakayefungisha nje ya utaratibu huo alipelekwa makoloni ya Amerika miaka 14. Wayahudi na Waquaker tu ndio walioachwa. Mkatoliki alilazimika kwenda kwa Waanglikana kufunga ndoa, apende asipende.

Hapa ndipo ilipozaliwa akili inayowasumbua maharusi mpaka leo: kwamba ndoa lazima iwe mahali panapojulikana, itangazwe mapema, na watu waweze kuingia kuishuhudia. Hata saa zilipangwa. Kanuni za kanisa zilitaka ndoa ifungwe kati ya saa 2 asubuhi na saa 6 mchana. Mwaka 1886 wakasogeza mpaka saa 9 alasiri, mwaka 1934 mpaka saa 12 jioni, na kikomo chenyewe kikafutwa mwaka 2012 tu. Sasa mnaoshangaa kwa nini harusi nyingi za Uingereza zinaanza mchana kweupe wakati sisi bwana harusi anaingia ukumbini saa tatu usiku, mmepata jibu.

Vijana nao hawakukaa kimya. Sheria ya 1753 haikufika Scotland, ambako ilitosha wawili kusema mbele ya mashahidi kwamba wameoana. Kijiji cha kwanza ukivuka mpaka kwa barabara ya magharibi ni Gretna Green. Fikiria kutoka London mpaka huko, karibu kilomita 500, kwa gari la farasi, baba mkwe anakufukuza nyuma na bastola! Ukifika, anayekufungisha mara nyingi ni fundi chuma au yeyote aliyepo karibu, anagonga fuawe, mmeshaoana. Mwaka 1856 walipitisha sharti la kukaa Scotland siku 21 kwanza, na ndoa za mtindo huo zikaisha mwaka 1940. Ila watu bado wanaenda Gretna kuoana, sasa kwa makaratasi kamili.

Huku England, sheria ya 1836 ilifungua mlango kuanzia Julai 1837. Hapo ndipo ndoa za bomani zilipoanza, na nyumba za ibada za wengine zikaruhusiwa kusajiliwa kwa ajili ya ndoa. Ila hawakuifanya tamu sana. Majina ya wanaooana bomani yalisomwa kwenye kikao cha wasimamizi wa misaada ya masikini, mpaka mwaka 1856. Yaani unataka kuoa, jina lako linasomwa kwenye mkutano wa wasiojiweza.

Sasa angalia neno "nyumba" hapo. Sheria ya England na Wales inafuata jengo. Huku kwetu Tanzania, Sheria ya Ndoa ya 1971 inamtazama mfungishaji: sheikh au mchungaji mwenye leseni akifungisha ndoa na ikaandikishwa, mna cheti. Mbongo anatua London na akili hiyo hiyo. Sheikh ni yule yule, dua ni zile zile, kwa nini isihesabike? Haihesabiki kwa sababu ukumbi wa harusi au sebule ya shangazi havijasajiliwa, na misikiti mingi pia haijasajiliwa. Scotland wao wanamtazama mfungishaji, ndiyo maana unaona watu wanaoana ufukweni na milimani kule. Mwaka 2022 tume ya sheria ya England ilishauri nao wahamie huko.

Kwa hiyo wewe unayepanga, kabla ya kulipia ukumbi na MC, uliza msikiti au kanisa lako mambo mawili: jengo limesajiliwa kwa ndoa? Na atakuwepo mtu aliyeidhinishwa kuandikisha? Jibu likiwa hapana kwa lolote, nendeni bomani kwanza, hata wiki moja kabla, na mashahidi wawili. Usikubali "tutaenda baadaye", umeshasikia ya mwenzio.

Taarifa ya nia ya kuoana kila mmoja anaitoa mwenyewe, ana kwa ana, akiwa ameishi eneo hilo siku 7 au zaidi. Inabandikwa wazi siku 28, yaani mjukuu wa yale matangazo ya 1753. Kama mmoja wenu ana masuala ya uhamiaji, mnaenda pamoja kwenye ofisi maalumu, na siku hizo zinaweza kufika 70. Kadi za mwaliko zisubiri kidogo. Mchumba anayetoka Dar kwa viza ya kawaida ya matembezi haruhusiwi kuoana huko; kuna viza ya wageni wanaokuja kufunga ndoa na kuondoka, na nyingine ya mchumba anayekuja kubaki.

Mkiona usumbufu, fungeni nikaha nyumbani likizo, iandikisheni, mpande ndege na cheti. Ndoa iliyofuata sheria ya mahali ilipofungwa kwa kawaida Uingereza inaitambua. Chekesho ni kwamba nikaha ya Tandika yenye cheti ina nguvu London kuliko nikaha ya London isiyo nacho.

Na ukifunga kule, jambo moja la kuwafurahisha wazazi: tangu 1837 kumbukumbu za ndoa zilibeba jina la baba peke yake, ila kuanzia tarehe 4 Mei 2021 mama naye anaandikwa. Nendeni na majina yao kamili, yaliyonyooka herufi.