Kano ya Goti na Utepe wa Kupimia

Msomaji, ukishika barabara ya Ngong kutoka mjini Nairobi kwenda Karen, utaupita uwanja wa raga wa RFUEA. Simama hapo siku ya mchezo umtazame kijana akimbiaye na mpira. Hukita mguu chini, hugeuka ghafula kumkwepa mpinzani, na mara nyingine goti hulia "ta!" naye akaanguka bila kuguswa na mtu.

Ndani ya goti zimo kano mbili zilizopishana mfano wa msalaba, zifungazo mfupa wa paja na muundi. Ile ya mbele ikikatika, goti hulegea, na mchezaji haliamini tena.

Mwaka 1895, huko Leeds, Uingereza, daktari Mayo Robson alimpasua mchimba makaa akazishona kano zake zilizokatika. Lakini kano iliyokatika ni kama kamba ya katani iliyofumuka. Uzi utashika wapi? Mwaka 1917 Hey Groves wa Bristol aliacha kushona, akaweka kano mpya aliyoifanyiza kwa ukanda wa utando mgumu wa paja la mgonjwa mwenyewe. Galeazzi wa Italia akatumia kano ya msuli wa nyuma ya paja mwaka 1934. Njia hiyo ingali hai: siku hizi aghalabu huchukuliwa kano mbili za hapo, zikakunjwa kuwa nyuzi nne, kisha zikapitishwa katika matundu yaliyotobolewa mifupani.

Basi hapa ndipo penye shida. Unene wa kano hizo daktari huupima akiisha kuzitoa, mgonjwa amekwisha lala usingizi wa dawa. Wapasuaji wengi hutaka kipenyo kisichopungua milimita 8, kwa kuwa kano nyembamba, hasa kwa vijana, huelekea zaidi kukatika tena. Akikuta 6, afanyeje?

Kwa hiyo wataalamu wa nchi nyingi walianza kupima watu kabla ya kuwapasua: kimo, uzito, urefu wa mguu, mzunguko wa paja. Kimo ndicho kilichoonekana mara nyingi kusema kweli kuliko vingine. Uzito hudanganya, maana mafuta nayo yana uzito. Hata hivyo watu wawili wa kimo kimoja waweza kuwa na kano zisizolingana kabisa. Na hesabu iliyopatikana kwa kupima watu wa Ulaya au Asia, mimi nisingeitegemea kwa msichana mfupi wa Nairobi mpaka ijaribiwe kwa wenzake. Picha za mashine ya sumaku huonyesha kano yenyewe, ila bei yake si ya kila mtu. Utepe wa fundi cherehani hununuliwa kwa shilingi chache.

Ndiyo sababu daktari mwangalifu, akiisha kumpima mchezaji, humwambia mapema, kabla ya sindano ya usingizi, kwamba huenda akalazimika kuchukua kano nyingine, ya mbele ya goti.