Dodoma 1995: mtihani wa wanaoitaka Ikulu

Julai 1995, Mkutano Mkuu wa CCM uliketi Dodoma ukiwa na majina matatu mezani: Jakaya Kikwete, Benjamin Mkapa na Cleopa Msuya. Rais Ali Hassan Mwinyi alikuwa anamaliza miaka yake kumi, na uchaguzi mkuu wa kwanza tangu vyama vingi virejeshwe 1992 ulikuwa mlangoni. Kikwete, kijana wa miaka 44, aliongoza kwa kura 534. Mkapa 459, Msuya 336. Hakuna aliyevuka nusu. Kura ziliporudiwa, Mkapa akampita Kikwete, 686 kwa 639.

Mchujo wenyewe hasa ulikuwa umeshapita, vikaoni mwa chama, si kwenye masharti ya kisheria. Katiba haidai mengi: uraia wa kuzaliwa, miaka 40, kudhaminiwa na chama, sifa za kuwa mbunge, na kutokuwa na hatia ya kukwepa kodi katika miaka mitano iliyotangulia. Watanzania wangapi hawawezi kuvuka hapo?

Mwalimu Nyerere aliona hayo hayatoshi. Katika hotuba zake za mwaka ule, ikiwamo ya Mei Mosi mjini Mbeya, alitaka mtu anayeichukia rushwa kwa dhati, asiyeomba kura kwa kabila wala dini. Na anayeikimbilia Ikulu kwa fedha aulizwe kazipata wapi. Kama kakopeshwa, atalipaje? Naliheshimu sana swali hili. Mkulima wa Rungwe anaweza kuliuliza sawasawa na profesa wa Mlimani.

Jina la Edward Lowassa, naye aliyeitaka Ikulu, halikufika kwenye tatu bora mwaka huo, na imeelezwa mara nyingi kwamba Mwalimu alihoji mali zake. Baadaye akawa Waziri Mkuu, akajiuzulu Februari 2008 kwa sakata la mkataba wa umeme wa Richmond. Mwaka 2015 akachukua fomu tena. Kamati Kuu ya CCM ikapitisha watano, yeye hakuwamo.

Hapo ndipo mchujo wetu unaponiuma. Mwalimu alitaja vigezo vyake jukwaani, wananchi wakisikia, lakini majina yanakatwa vikaoni. Mtu hasomewi tuhuma, hapewi nafasi ya kujibu, na mpiga kura anaachiwa tetesi. Lowassa alihamia chama cha upinzani cha CHADEMA, akasimama dhidi ya John Magufuli wa CCM, akapata kura zaidi ya milioni 6. Waliompigia, na waliomkataa, hakuna aliyewahi kuonyeshwa kwa maandishi kwa nini jina lake halikurudi.