Weupe wa Kibo na Ushahidi wa Walio Mbali

Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann, akiwa safarini kutoka pwani kwenda Uchagani, aliona weupe juu ya Kilimanjaro. Kiongozi wake aliuita weupe ule kwa neno moja tu: baridi. Habari zilipofika London, mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, alizikanusha kwa miaka mingi. Theluji karibu na ikweta haikuingia akilini mwake, na maarifa ya wenyeji hayakuwa na uzito mbele ya vitabu vyake.

Mwaka 1889 Hans Meyer alifika kileleni akakipa jina la mfalme wa Ujerumani. Mwaka 1961 mwenge uliwashwa hapo, na kilele kikaitwa Uhuru. Barafu ile ilikuwa imekwisha kuwa nembo ya dola, kisha ya taifa, kabla dunia haijaifanya kipimo cha tabianchi.

Mwaka 1912 barafu ilifunika takriban kilomita za mraba 12. Kufikia 2011 zilibaki pungufu ya 2. Mwaka 2002 Lonnie Thompson na wenzake walikadiria kwamba ingetoweka kati ya 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita na mabaki yangalipo. Watafiti wengine wameeleza kwamba kupungua kulianza mwishoni mwa karne ya 19, hewa ilipokauka na theluji ikaadimika. Maelezo hayo hayabatilishi ongezeko la joto duniani. Yanaonya tu dhidi ya kuubebesha mlima mmoja ushahidi wa dunia nzima.

Kwa Wachaga, Kibo ni upande wa heshima. Kwa desturi ya zamani, hata wafu walizikwa wakielekezwa huko. Lakini maji ya mifereji inayonywesha migomba yao hutokana hasa na mvua na ukungu unaonaswa na msitu, si barafu. Basi mkulima anapouliza habari za tabianchi, huuliza masika yataanza lini, na ni nani mwenye kauli juu ya msitu uliotengwa kuwa hifadhi tangu enzi za Wajerumani. Picha za barafu inayoyeyuka zimezunguka dunia nzima. Swali lake halijavuka mbali na mifereji yake. Cooley alikana barafu iliyokuwapo. Wanaoitazama barafu peke yake leo hawaikani, ila nao, kama yeye, hawajamuuliza aliye chini ya mlima.