Jicho la Mpiga Picha Liko Wapi? Historia Fupi ya Kamera Isiyo na Kitundu cha Kuchungulia

Utangulizi

Kwenye harusi za Dzaleka, na hata kwenye ubatizo kule Likuni, nje kidogo ya jiji la Lilongwe, si ajabu kumwona mpiga picha aliyeshika kamera ndogo ya mtumba mbele ya kifua chake, macho yakiwa kwenye skrini ya nyuma. Kamera hiyo hubadilishwa lenzi kama zile kubwa, lakini ndani yake hamna kioo, wala haina kitundu cha kuchungulia. Haina mahali pa kuweka jicho. Kwa sababu hiyo wengi huihesabu kuwa kamera pungufu. Wateja wengine husema wazi kwamba mpiga picha wa kweli ni yule anayefumba jicho moja.

Insha hii inapinga hukumu hiyo kwa kutumia historia. Nitaonyesha kwamba kitundu cha kuchungulia hakikuwa sehemu ya lazima ya kamera tangu mwanzo, na kwamba kila utaratibu wa kutazama ulipobadilika, uhusiano kati ya mpiga picha na mpigwa picha ulibadilika pia. Hoja yangu kuu ni hii: mahali ambapo mpiga picha anaweka jicho lake ndipo panapoamua nani anaweza kuiona picha kabla haijapigwa. Kwa watu wanaoishi kambini, ambao wamepigwa picha nyingi na kuonyeshwa chache, hilo ni jambo zito.

Jicho chini ya kitambaa

Historia ya picha ya Malawi na ile ya Zanzibar zinakutana mapema katika mtu mmoja. Msafara wa David Livingstone wa Zambezi, ulioanza mwaka 1858, ulikuwa na mpiga picha rasmi, Charles Livingstone, mdogo wake David. Lakini aliyetuachia picha bora zaidi ni John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea wa msafara huo. Mwezi Septemba 1859 msafara ulifika Ziwa Nyasa, ambalo Malawi ya leo inaliita Ziwa Malawi. Miaka michache baadaye Kirk alihamia Zanzibar, akafanya kazi katika ubalozi wa Uingereza hadi akawa balozi mwenyewe, na huko pia aliendelea kupiga picha.

Kamera za zama hizo zilikuwa masanduku makubwa juu ya stendi ya miguu mitatu. Nyuma kulikuwa na kioo chenye ukungu. Mpiga picha alijifunika kitambaa cheusi ili mwanga wa nje usiifiche picha, akaiona sura ya mtu imepinduka, kichwa chini miguu juu. Akisharekebisha, aliweka bamba au karatasi yenye dawa mahali pa kile kioo. Kuanzia hapo hakuona tena kitu kupitia kamera. Alitoka chini ya kitambaa, akasimama kando, akafungua lenzi huku akimtazama mtu wake uso kwa uso. Maana yake ni kwamba kwa miongo mingi, katika dakika yenyewe ya kupiga picha, mpiga picha hakuwa akichungulia popote.

Studio za pwani zilikua katika desturi hiyo. Zanzibar ilikuwa na studio ya A. C. Gomes, Mgoa, tangu karne ya 19, na mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio. Katika studio kazi ilikwenda kwa mazungumzo: inua kidevu, lete bega, tulia. Mteja alikuwa amelipa, kwa hiyo naye alikuwa na lake la kusema.

Wakati huohuo kamera ilikuwa imeingia mikononi mwa watu wa kawaida. Mwaka 1888 George Eastman wa Marekani alitoa Kodak ya kwanza, sanduku dogo lenye mkanda wa picha 100. Haikuwa na kitundu chochote. Juu ya sanduku kulikuwa na mistari yenye umbo la herufi V; mtu alielekeza mistari hiyo kwenye anachokitaka, akabonyeza. Brownie ya mwaka 1900, iliyouzwa kwa dola moja, ilianza vivyo hivyo. Kwa hiyo anayesema kamera bila kitundu si kamera, anaifuta kamera ile ile iliyowafundisha watu wengi kupiga picha.

Jicho lajificha

Mabadiliko makubwa yalitoka Ujerumani. Leica iliingia sokoni mwaka 1925 ikiwa ndogo kiasi cha kukaa mkononi, na juu yake ilikuwa na kitundu. Sasa mpiga picha aliweza kutembea, kusogea na kupiga huku kamera ikiwa imegusa paji la uso. Mwaka 1929 ikafuata Rolleiflex yenye lenzi mbili. Hiyo ilishikwa tumboni. Mpiga picha aliinamia kioo kilichokuwa juu ya kamera. Mara nyingi huwa nafikiri juu ya tofauti hiyo. Mwenye Leica alimkabili mtu akiwa amefunika nusu ya uso wake. Mwenye Rolleiflex aliinamisha kichwa mbele ya mtu, kama anayeamkia.

Mwaka 1959 Nikon F ilikamilisha ushindi wa jicho. Ndani ya kamera ya aina hii kuna kioo kinachopeleka mandhari ya lenzi moja kwa moja kwenye kitundu. Waandishi wa habari waliipenda kwa sababu kilichoonekana ndicho kilichopigwa. Hata hivyo, kuna jambo ambalo wasifuji wake hulipita haraka: picha inapopigwa kioo hicho huinuka, na kwa sehemu ndogo ya sekunde jicho huona giza. Hata kamera bora ya zama zake haikumwonyesha mpiga picha tukio lenyewe aliloliteka.

Sitaki kuwadharau waliofanya kazi kwa jicho lililojificha. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, alianzisha Camerapix mwaka 1963 akiwa bado kijana. Mwezi Oktoba 1984 picha zake za video kutoka Korem, Ethiopia, zilionyeshwa na BBC, na dunia ikaamka kuona njaa iliyokuwa ikiua watu. Mwaka 1991 alipoteza mkono katika mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa, akarudi kazini kwa mkono wa bandia. Vitani na penye vurugu, kitundu humtenga mpiga picha na jua na kelele, na kamera iliyobanwa usoni haitikisiki. Faida hizo ni za kweli.

Skrini yachukua nafasi

Mwaka 1995 Casio ya Japani ilitoa QV-10, kamera ya kidijitali yenye skrini ndogo ya inchi 1.8 nyuma yake na bila kitundu. Picha zake zilikuwa hafifu, lakini wazo lilishika. Kamera ndogo za kidijitali zikalifuata, na baadaye simu. Kizazi chetu kimejifunza kupiga picha kwa simu, kikiwa kimenyoosha mikono na kufumbua macho yote mawili.

Kamera za kubadilisha lenzi zilichelewa kidogo. Mwaka 2008 Panasonic ilitoa G1, ambayo iliondoa kioo cha ndani lakini ikaweka kitundu cha kielektroniki, yaani skrini ndogo sana ya kutazamwa kwa jicho moja. Mwaka uliofuata Olympus ilitoa E-P1 ambayo haikuwa na kitundu kabisa, ili mwili wake ubaki mdogo. Mwaka 2010 Sony ilileta NEX-3 na NEX-5 zenye skrini inayoinuka, na mwaka 2012 ikaja Canon EOS M. Angalia hiyo skrini inayoinuka: mpiga picha anaweza tena kuishika kamera tumboni na kuinamisha kichwa, kama alivyofanya mwenye Rolleiflex.

Kazi yenyewe: jua, mikono na betri

Kamera hii ina masharti yake. La kwanza ni jua. Uwanda wa Lilongwe na Dowa uko juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na mchana wa Oktoba mwanga ni mkali kiasi kwamba skrini inageuka kioo: unajiona mwenyewe badala ya bwana harusi. Dawa ya kwanza ni kuongeza mwangaza wa skrini. Ya pili ni kutafuta kivuli. Ya tatu ni kujifunika kitenge kichwani pamoja na kamera. Watoto hucheka wakiona hivyo, lakini ni kitambaa kile kile cha karne ya 19. Kichewa kimelisema jambo hili kwa namna yake: picha ni chithunzi, na kivuli cha mti ni mthunzi. Maneno hayo mawili ni ndugu, na kwa kamera isiyo na kitundu huenda pamoja.

Sharti la pili ni mikono. Kamera iliyo mbali na uso hutikisika. Anayeijua hubana viwiko kwenye mbavu, au huvaa mkanda wa kamera shingoni na kuisukuma kamera mbele mpaka mkanda ukaze. Lenzi pana inavumilia zaidi kuliko ndefu. Sharti la tatu ni betri, kwa maana skrini inawaka muda wote. Anayechaji kwa kulipia dukani hujifunza kuizima kamera kila anapomaliza kupiga.

Kwa nini jambo hili ni zito Dzaleka

Dzaleka ilikuwa gereza ambako serikali ya Kamuzu Banda iliwafunga wapinzani wake. Tangu mwaka 1994 ni kambi ya wakimbizi, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Ilikusudiwa kwa watu wapatao 10,000. Leo ina zaidi ya 50,000. Watu hawa wana historia ndefu mbele ya lenzi, na sehemu kubwa ya historia hiyo si yao.

Mwaka 1904, katika Kongo ya Mfalme Leopold, Alice Seeley Harris, mmisionari, alimpiga picha Nsala akitazama mkono na mguu wa binti yake, aliyeuawa kwa ajili ya mpira. Picha hiyo ilizungushwa Ulaya na Marekani, na ikasaidia kuuangusha utawala wa Leopold mwaka 1908. Ilikuwa picha ya haki. Hata hivyo iliweka kielelezo kilichodumu: mtu wa Kongo anaonekana na dunia siku ya msiba wake. Huko Rwanda, kitambulisho chenye picha na kabila kilikuwa hukumu ya kifo kwenye vizuizi vya mwaka 1994. Na mwaka 2013 UNHCR ilijaribu hapahapa Dzaleka mfumo wake mpya wa kuwatambua watu kwa vidole, sura na mboni za macho. Mfumo huo una faida zake. Lakini katika habari hizi zote anayetazamwa haoni kile ambacho mtazamaji anakiona.

Mwaka jana, kwenye harusi hapa kambini, niliinua kamera ya aina hii mbele ya mama mmoja wa makamo, mwenyeji wa Uvira. Nilikuwa nimeishika chini, skrini imeinuka, naye akasogea akaichungulia kabla sijabonyeza.

"Subiri kwanza, mwanangu," akasema. "Hapo naonekana kama mtu anayengoja posho."

"Basi mama, tukupige vipi?"

Alijifunga kitenge upya, akaenda kusimama nyuma ya kiti cha bibi harusi, mkono begani kwake. Ndiyo picha iliyopigwa. Kule Likuni nako, watu wakiona skrini husema "Tione!" na neno hilo halihitaji tafsiri kwa Mswahili.

Mtu atasema kwamba kamera yenye kitundu nayo ina skrini ya kuonyeshea picha. Ni kweli, lakini anayechungulia kwenye kitundu mara nyingi huitumia skrini hiyo kuonyesha kilichokwisha kutokea. Mama yule alizungumza kabla. Ni kweli pia kwamba skrini haimfanyi mtu kuwa mwadilifu; anayetaka kuiba sura ya mwenzake ataiba kwa kamera yoyote, na simu imerahisisha wizi huo. Na kambini kuna watu wanaojificha dhidi ya waliowafukuza, ambao picha ikisambaa inaweza kuwaweka hatarini. Kwao skrini inasaidia kwa kitu kimoja: wanaweza kusema "mimi nitoe hapo" wakati bado inawezekana.

Hitimisho

Nimeonyesha kwamba kitundu cha kuchungulia kina historia, na kwamba historia hiyo haikwenda kwa mstari mmoja kutoka pungufu kwenda kamili. Kodak ya 1888 haikuwa nacho, na E-P1 ya 2009 haikuwa nacho. Katikati yake palikuwa na zama za jicho lililojificha, zilizotupa picha kubwa na pia mazoea ya kumtazama mtu bila yeye kuona anavyotazamwa.

Kuna familia hapa zilizokimbia bila picha hata moja. Harusi ya Dzaleka inaweza kuwa ukurasa wa kwanza wa albamu yao, na wajukuu wataifahamu familia kupitia ukurasa huo. Wanafunzi wenzangu wanaopiga picha mwishoni mwa wiki ili kupata ada wasione haya kwa kamera zao za mtumba. Waziinue skrini, wawaite wenye sherehe waje kutazama, na wawasikilize wakisema wanataka kukumbukwa vipi.