Ateri Isiyopungua

Daktari ameshusha kamera nyembamba kupitia bomba la hewa la mgonjwa anayekohoa damu. Kwenye bronki, yaani matawi ya bomba hilo, anaona kinundu laini kisichofika sentimita moja, kimefunikwa na utando usio na mchubuko wowote. Kwa mazoea, hatua inayofuata ni kuchukua kinyama kipelekwe maabara. Lakini kinundu hicho kikiwa ni ateri, mkato huo mdogo waweza kujaza mapafu damu na kumuua mgonjwa palepale mezani.

Hali hiyo ni nadra, na vitabu vya tiba vimeipa jina la Dieulafoy (tamka “Dyelafwa”), daktari Mfaransa aliyeieleza mwaka 1898. Yeye aliiona tumboni, kwa watu waliotapika damu. Ya kwenye bronki ilikuja kuandikwa baadaye sana, mwaka 1995.

Tuiiteje? Wepesi wa kutafsiri utatupa “kidonda cha Dieulafoy”, na mwenyewe asingelipinga, kwa kuwa alidhani ameona mwanzo wa vidonda vya tumbo. Hata hivyo kidonda kwetu ni kitu kilichochubuka, na hapa utando ni mzima mpaka siku mshipa unapopasuka. “Uvimbe” nalo ni neno la hatari, maana anayelisoma kwenye cheti cha rufaa ataandaa koleo la kukatia kinyama.

Heri tuangalie ateri yenyewe. Kwa kawaida ateri ikigawanyika, kila tawi huwa jembamba kuliko shina lake, hata inapofika chini ya utando imebaki kama uzi. Hii hufika pale ikiwa bado nene. Ndiyo maana napendekeza “ateri isiyopungua”, na kwa kinachoonekana kabla ya kujulikana ni nini, “kinundu”, neno linalotaja umbo tu bila kuhukumu.

Unene peke yake usingetisha hivyo kama si chanzo cha damu yenyewe. Mapafu hulishwa na mifumo miwili. Ateri kubwa ya mapafu hutoka upande wa kulia wa moyo na shinikizo lake ni dogo. Ateri za bronki kwa kawaida hutoka kwenye aota, yaani ateri kuu ya mwili, au matawi yake, kwa shinikizo lilelile linalopimwa mkononi. Hizi za pili hubeba sehemu ndogo tu ya damu ya mapafu, lakini watu wengi wanaokohoa damu kwa wingi huitoa huko.

Kwetu Afrika Mashariki anayekohoa damu hupimwa kwanza makohozi, na ni sawa, kifua kikuu bado kipo. Utata huanza makohozi yakiwa safi na eksirei haionyeshi kitu, hasa mgonjwa akiwa mvutaji sigara: kila mtu anawaza saratani. Zaidi ya hayo, upo uvimbe wa kweli uitwao kasinoidi, nao pia huwa laini, mwekundu na wenye mishipa tele. Macho hayatoshi kuvitofautisha. Kinundu kikidunda kama mapigo ya moyo, jibu limepatikana, ila vingi havidundi, na kutulia kwake kusimtie mtu moyo wa kukata.

Kinachosaidia ni siti skani yenye dawa ya kung’arisha mishipa, au altrasaundi ndogo iliyo kwenye ncha ya bronkoskopu (kamera ile ya bomba la hewa), ambayo kwa Dopla huonyesha damu ikipita ndani ya kinundu. Picha ya ateri zenyewe, inayopigwa kwa katheta, yaani mrija mwembamba, iliyopitishwa kwenye kinena, ina faida ya ziada: kwa katheta hiyohiyo mshipa waweza kuzibwa. Mzibaji huchunguza kwanza kama tawi hilo halilishi pia uti wa mgongo, kwani kuliziba tawi kama hilo kwaweza kumpoozesha mgonjwa miguu. Damu isipokoma, hukatwa sehemu ya pafu. Hapo ndipo mtaalamu wa patholojia, akiwa na kipande kizima chini ya darubini, anapoweza kuiona ateri nene iliyolala chini ya utando.